Mvua Ikiisha, Mlima Bado Haujamaliza



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa Gwassi, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Tuliwakuta wanasukuma mlango. Ndiyo, mlango! Ulikuwa wa nyumba ya mweka hazina wao, mahali sanduku la pesa huwekwa, nao ulikuwa umekwama kabisa. "Mbao zimevimba kwa maji," mmoja akasema, na sote tukakubali. Fundi akaitwa, akaupiga randa, ukafunguka. Jioni ukakwama tena.

Nyanya mmoja, mama mkwe wa mweka hazina, hakuridhika. Alichukua fimbo yake akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda kidogo kwenye shamba la mahindi, kisha akatuita. Kulikuwa na ufa katika udongo, umepita katikati ya mistari ya mahindi, na mkono wake uliingia ndani mpaka kwenye kiwiko. Kumbe si mbao zilizovimba. Ardhi yenyewe ilikuwa imeanza kutembea, na nyumba ikapinda pamoja nayo.

Usiku ule familia ililala kwa shemeji, ng'ambo ya kilima. Siku iliyofuata mvua ikakatika. Jua likatoka, watoto wakaanza kulia wanataka kurudi nyumbani, na hata sisi tukaona labda hofu imepita kiasi. Nyanya akakataa. Siku ya pili ya jua, saa kumi za mchana, kipande cha mlima kikashuka. Kilifunika jiko, mbuzi wawili na nusu ya nyumba. Hakuna mtu aliyeumia.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kuzungumza nanyi katika toleo hili. Wengi wetu tunaogopa mvua inaponyesha, na inapokoma tunasema asante, hatari imekwisha. Lakini mvua ikiisha, mlima bado haujamaliza.

KWA NINI MLIMA HUPOROMOKA

Tuanze na hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, hiyo ni lita 1 ya maji, nayo ina uzito wa kilo 1. Inaonekana si kitu. Sasa chukueni ekari moja ya mtelemko, na mvua ya milimita 50, ambayo mawingu makubwa yanaweza kuileta kwa usiku mmoja. Hizo ni lita zipatazo 200,000, yaani tani 200. Ni kama malori 20 ya tani kumi kumi, yote yamejaa, yameegeshwa juu ya shamba lako. Sehemu moja ya maji hayo hutiririka mpaka mtoni. Sehemu nyingine huzama, nayo hubaki mlimani kama mzigo.

Maji hayaongezi uzito tu. Udongo mkavu hushikana, chembe kwa chembe, kama watu walioshikana mikono. Maji yakijaza nafasi zote zilizo katikati, husukuma chembe hizo zisigusane sawasawa, na mikono inaachiana. Na chini ya udongo, mara nyingi kuna mwamba au udongo mgumu wa mfinyanzi usiopitisha maji. Maji yakifika pale husimama, na mahali pale panakuwa utelezi. Basi mko na mzigo mzito juu, na utelezi chini. Kinachobaki ni kushuka.

Maji huchukua muda kufika chini huko. Yale yaliyonyesha Jumatatu juu kabisa ya kilima yanaweza kuwa bado yanasafiri ndani ya ardhi Jumatano, yakielekea chini ya nyumba yako. Ndiyo sababu mteremko unaweza kuanguka jua likiwaka.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika milima ya nchi za baridi kama Uswisi na Austria, mlima hubebeshwa theluji badala ya maji. Theluji mpya ikianguka nyingi kwa muda mfupi, hukaa juu ya ile ya zamani bila kushikamana nayo vizuri, na tabaka zima linaweza kuteleza na kufunika watu. Watu wa huko wamejifunza kwamba siku ya kwanza na ya pili baada ya theluji nyingi ni za kuogopwa sana, hata kama anga ni safi. Hufunga barabara, huzuia wageni kupanda, na hungoja mlima utulie. Wao wana theluji, sisi tuna mvua. Lakini somo ni moja: mzigo mpya, uliowekwa haraka, juu ya mahali penye mtelemko.

VILIMA VYETU NA NDUGU ZAKE

Vilima vya Gwassi ni mabaki ya volkano ya kale sana, na Mlima Homa pia ni volkano ya zamani. Moto ulizimika siku nyingi, lakini ulituachia udongo wenye rutuba. Ndiyo maana watu wanapenda kulima huko juu, na hatuwalaumu. Mahindi ya mlimani na mahindi ya bondeni hayafanani.

Lakini tukumbuke ndugu za vilima hivi. Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, nao ni volkano ya kale yenye udongo mzuri na watu wengi. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko mmoja uliporomoka jioni katika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, upande wa Uganda. Soko na kituo cha afya vilifunikwa. Baadhi ya waliokufa walikuwa wameingia katika kituo hicho kujikinga na mvua. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 300 walipoteza maisha, na wengi hawakupatikana hata wazikwe. Serikali ya Uganda ilihamisha baadhi ya walionusurika mpaka Kiryandongo, mbali sana na mlima. Bududa iliporomoka tena mwaka 2012, na tena Oktoba 2018.

Mlima Hanang huko Tanzania ni volkano ya kale vilevile. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani hadi mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi wao hawakuwa wakiishi juu ya mlima. Waliishi chini, mahali tambarare, karibu na njia ya maji. Tafadhali msome sentensi hiyo mara mbili. Aliye chini ya mlima hawezi kusema, "Hayo ni maneno ya watu wa juu."

Hapa Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, miteremko ya Pokot Magharibi iliporomoka mahali kadhaa, pamoja na Nyarkulian na Tapach, na watu zaidi ya 40 walikufa. Barabara na madaraja yalikatika, na msaada ulichelewa kufika. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 ikawa zamu ya Chesongoch, Elgeyo Marakwet, na watu zaidi ya 25 walikufa. Angalieni saa. Mara nyingi ni usiku, watu wamelala, mvua inapiga mabati, hakuna anayesikia kitu.

DALILI ZA KUANGALIA

Mlima mara nyingi hutoa taarifa kabla haujashuka, ila hauandiki barua. Hizi ndizo dalili:

1. Nyufa mpya kwenye udongo, hasa zile zinazokata mtelemko kutoka upande hadi upande, juu ya nyumba.

2. Milango na madirisha yaliyokuwa yakifungwa vizuri yanaanza kukwama, au kuta na sakafu zinapasuka.

3. Miti, vigingi vya ua au nguzo za stima zinainama upande mmoja, na jana hazikuwa hivyo.

4. Maji yanatoka mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, au chemchemi yenu ya siku zote inageuka matope.

5. Kijito kinapungua ghafla huku mvua bado inanyesha. Hii wengi hawaijui. Maana yake huenda huko juu udongo umekiziba, na maji yanajikusanya nyuma yake. Yakivunja kizuizi, yatashuka yote kwa pamoja. Mkiona hivyo, msishuke mtoni kuchungulia. Ondokeni.

6. Mngurumo kama lori kwa mbali, au sauti ya miti kuvunjika na mawe kugongana. Hapa hakuna tena mkutano. Ni kukimbia.

Dalili moja kati ya zile nne za kwanza inatosha kuhama usiku huo. Mkingoja zitimie zote, mtakuwa mmechelewa.

USIKU WA KUHAMA

Mahali pa kukimbilia pachaguliwe mapema, wakati wa jua. Kumbukeni wale wa Nametsi: walikimbilia jengo zuri, lakini lilikuwa kwenye njia ya mlima. Kanisa, shule au nyumba ya jirani isitumike mpaka mmeangalia iko wapi. Je, iko chini ya mtelemko mkali? Iko kwenye mdomo wa korongo? Kama ndiyo, tafuteni pengine, hata kama pengine hapo ni banda la mabati tu.

Mkisikia mlima unakuja, msikimbie kuteremka mbele yake. Matope yana mbio kuliko mtu. Kimbieni kwa upande, mtoke kwenye njia yake, mpande mahali palipoinuka. Msivuke korongo wala daraja lenye maji ya matope.

Na jambo gumu kuliko yote: mkishatoka, msirudi. Tunajua kinachorudisha watu. Ni mbuzi, ni simu iliyoachwa kwenye chaji, ni cherehani, ni sanduku la kikundi. Akina mama wengine wametuambia, "Sasa nikiacha pesa ya wenyewe, kesho nitasema nini?" Tunaomba kila kikundi kiandike kwenye daftari lake, na kila mwanachama asikie ikisomwa: mweka hazina hatadaiwa sanduku lililoachwa wakati wa kukimbia mlima. Sentensi moja tu, lakini inaweza kuokoa mtu. Au vizuri zaidi, pesa zisikae katika nyumba iliyo mtelemkoni.

Mlima ukishashuka, kaeni mbali kwa siku kadhaa hata kama pametulia, maana kipande cha pili huweza kufuata cha kwanza. Mwarifuni chifu au naibu wake mara moja. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyolipishwa, 1199.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MVUA

Hapa tuna jambo la kukiri. Kile kikundi cha Gwassi tulichosimulia, sisi wenyewe tulikuwa tumekifundisha miaka miwili kabla ya hapo kuchimba mitaro ya kushika maji juu ya mashamba yao. Tulikuwa tumeona mitaro hiyo ikifanya kazi nzuri sana bondeni Lambwe, ambako shida ni ukame. Tukaibeba vilevile hadi mlimani. Baada ya maporomoko tulikwenda na afisa wa kilimo kutazama. Ufa ulikuwa umeanzia karibu kabisa na mtaro wetu. Akatueleza kwa upole kwamba kwenye mtelemko mkali wenye udongo mwingi, mtaro unaosimamisha maji ni kama kuunywesha mlima kwa kikombe. Hatukuwa na nia mbaya, lakini tulikosea, na tumewaomba msamaha akina mama wale.

Basi tunasahihisha. Palipo tambarare au pana mtelemko mdogo, shikeni maji kwa fanya juu na mitaro kama zamani. Lakini juu ya nyumba, penye mtelemko mkali, mtaro uwe wa kuongoza maji kwa utaratibu hadi kwenye njia iliyo imara, yenye nyasi au mawe. Na yasielekezwe kwa jirani. Kabla ya kuchimba, mwiteni afisa wa kilimo aangalie mahali penyewe.

Pili, miti. Mizizi ya miti hushona udongo kama uzi unavyoshona gunia. Mtu akikata miti kwa ajili ya makaa, mwaka wa kwanza huenda asione ubaya wowote, kwa sababu mizizi bado imo ardhini. Lakini visiki vikioza, mizizi nayo inaoza, na uzi unakatika. Hatari huja miaka kadhaa baadaye, wakati aliyekata amekwisha kula pesa na kusahau. Pandeni miti yenye mizizi ya kwenda chini. Siala na ober tunazijua tangu utoto. Kingo za mitaro pandeni nyasi za kushika udongo, hata nepia ambayo ng'ombe watakula.

Tatu, kuchimba kiwanja. Mtu akitaka kujenga mtelemkoni hukata mlima kupata mahali tambarare. Anapokata hivyo ameondoa mguu uliokuwa unaushikilia mlima usimame. Kama hakuna budi kujenga, kata kidogo iwezekanavyo, na ukuta wa udongo usiachwe wima na mrefu nyuma ya chumba cha kulala.

Nne, pimeni mvua. Chukueni kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, liwekwe mahali wazi, mbali na miti na paa, na lizuiwe lisianguke. Kila asubuhi saa tatu mtu mmoja apime maji kwa rula, aandike milimita kwenye daftari, kisha amwage. Mtoto wa shule anaweza kufanya kazi hii vizuri. Hakuna nambari moja inayofaa kwa kila mlima, lakini baada ya chwiri na opon chache mtajua wenyewe ni mvua ya kiasi gani ilileta nyufa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo alama yenu. Sikilizeni pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwenye redio.

Tano, mlinzi wa usiku. Mvua ikizidi, watu wawili wawili wakeshe kwa zamu na tochi. Mkubaliane sauti moja ya hatari. Nduru hupigwa kwa mambo mengi, msiba, mwizi, fisi, na watu hutoka nje kuuliza kuna nini. Chuma kinachogongwa bila kuacha kisiwe na maana nyingine ila hii moja: tokeni. Na kila mlinzi ajue nyumba zenye wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga. Hizo ndizo za kuamshwa kwanza.

NENO GUMU

Kuna nyumba ambazo mitaro, miti na kopo la mvua havitaziokoa. Ziko mahali pabaya, na ushauri wa kweli ni kuhama.

Tunajua uzito wa neno hilo kwetu. Dala si nyumba tu. Ni mahali baba alipoweka mlango wake, na nyuma kuna makaburi. Kuanzisha dala pengine kuna utaratibu wake, kuna wazee wa kuulizwa, kuna gharama. Mjane hawezi kuamka asubuhi moja akasema nahama. Na aende wapi, kama shamba ni hilo moja? Walionusurika Bududa walipewa makao mapya Kiryandongo, na bado wapo waliorudi mlimani. Hawakuwa wajinga. Walirudi kwenye udongo wao na kwa watu wao.

Kwa hiyo hatutamwambia mtu yeyote "hama" kisha tupande pikipiki twende zetu. Tunachosema ni kwamba jambo hili lisiachiwe mtu mmoja. Kikundi kinaweza kuanza na kidogo. Watu waendelee kulima juu lakini walale kwingine miezi ya mvua kubwa. Kikundi kitumie mchango wa mzunguko kununua mabati ya chumba kimoja mahali salama, kwa yule aliye hatarini zaidi. Wazee waombwe kukaa na kuzungumza kuhusu dala kabla ya msiba. Makaburi yatabaki, na waliomo hawatakasirika kwamba watoto wao wako hai.

Yule mweka hazina sasa analala ng'ambo ya kilima. Kila asubuhi anapanda kulima shamba lake, na mama mkwe humkumbusha kwanza atazame ardhi kabla ya kutazama mahindi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi ziko chini ya mtelemko mkali au karibu na korongo? Tuzichore kwenye karatasi kubwa.

2. Wazee wanakumbuka mlima ukishuka wapi zamani? Twendeni pamoja tukapaone.

3. Mahali petu pa kukimbilia ni wapi? Nani amepaangalia?

4. Nani analala na ufunguo wa sanduku la kikundi, na nyumba yake iko wapi?

5. Yuko nani kati yetu anayehitaji kuhama, na kikundi kitafanya nini kwa ajili yake kabla ya chwiri ijayo?

Mkimaliza mazungumzo, tuandikieni mliyokubaliana. Na mkiona kosa lingine katika mafundisho yetu, tuandikieni hilo kwanza.